Kilwa, Mji Uliojengwa na Kaskazi

Anayetaka kuielewa Kilwa na aanze na upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Ikifika Aprili upepo hugeuka, kusi ikashika zamu, na chombo kilichokuja na kaskazi kikarudi kwao. Karne nyingi manahodha wa Siraf, Hormuz, Aden na Cambay walipanga maisha yao kwa hesabu hiyo. Sasa itazame ramani. Ukiteremka pwani kutoka Mogadishu kupitia Lamu, Mombasa na Unguja, kaskazi hukuchukua vizuri mpaka Kilwa. Ukipita hapo upepo huanza kulegea, na jahazi linalong'ang'ania kufika Sofala, kusini mwa mto Zambezi, hujitia katika hatari ya kukosa upepo wa kurudi na kulala ugenini mwaka mzima. Dhahabu ilikuwa Sofala. Wanunuzi walikuwa kaskazini. Kilwa ilikaa palepale upepo wa wanunuzi ulipoishia.

Ndiyo maana kisiwa hiki kidogo cha mkoa wa Lindi kimo katika vitabu vya Kiarabu, vya Kireno, vya Kifaransa na vya Kijerumani. Kila aliyeitamani Bahari ya Hindi alilazimika kukijua. Nimeona miji mingi ya kale ya pwani yetu na naipenda yote, lakini sijaona pengine ambapo biashara, vita na ukoloni vimeacha alama zao karibu karibu namna hii, kiasi kwamba mtu mwenye miguu mizima na siku chache anaweza kuzigusa zote kwa mkono.

Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi. Basi la kusini linaondoka Mbagala alfajiri, linapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, na kabla jua halijawa kali unavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003, watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika mto ulipofurika, abiria wa Lindi na Mtwara walilala njiani wakisubiri maji yapungue. Upande wa mashariki Rufiji inagawanyika katika vijito vingi vyenye mikoko, na humo ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilimojificha baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Unguja mwaka 1914, mpaka Waingereza walipoimaliza Julai 1915. Hujafika hata Kilwa, na vita vya Ulaya vimekwisha kukukuta njiani. Mbele kidogo ni Somanga, watu wanateremka kununua samaki wa kukaanga, kisha njia panda ya Nangurukuru, na kushoto ni barabara ya Masoko.

Masoko ni mji wa wilaya, una ofisi, soko, gati na nyumba za wageni za kila bei. Kibali cha kwenda kisiwani hukatwa hapo. Ukiweza, mshike mwongozaji mzaliwa wa kisiwani, kwa kuwa atakuonyesha visima na makaburi ambayo hayamo katika vipeperushi. Gatini nilimwamkia mzee mwenye mashua. "Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Wahi upande, mchana kusi hukaza." Akapandisha tanga, na maji ya mlango wa bahari, yenye kina ambacho manahodha wa zamani walikisifu, yakatuvusha kwa muda mfupi.

Jengo la kwanza kuonekana ni Gereza, ngome yenye minara kwenye pembe, imesimama ufukweni kabisa. Wageni wengi huipiga picha na kudhani hiyo ndiyo Kilwa. Mimi nashauri uipite kwanza, upande njia ya mchanga hadi Msikiti Mkuu, kwa sababu ngome ilikuja mwishoni mwa hadithi na msikiti uko katikati yake.

Msikiti Mkuu ulijengwa kwa awamu. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11 au ya 12, ndogo, ya watu wa mji uliokuwa bado unajijenga. Mapema katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliuongeza upande wa kusini mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali, akauezeka kwa makuba na matao ya mawe. Sehemu hiyo ilianguka, na katika karne ya 15 ikajengwa upya. Katika pwani ambayo paa la kawaida la nyumba ya mawe ni boriti za mikandaa zilizobeba zege la chokaa, kuezeka kwa makuba kulikuwa kujigamba kwa haki. Mji ulikuwa unasema una mafundi na una mali ya kuwalipa.

Mafundi hao walijua mawe yao. Matumbawe laini yalikatwa baharini, yakachongwa yangali mabichi, yakawa mihrabu na vizingiti vya milango. Matumbawe magumu ya nchi kavu yalijenga kuta. Mengine yalichomwa kwenye tanuri za kuni yakawa chokaa ya kuunganisha yote. Nimewahi kusikia wageni, na hata baadhi yetu, wakisema kwamba kazi hii lazima iliagizwa kutoka Uajemi au Uarabuni. Msomi anaweza kubishana juu ya ramani ya jengo, lakini mawe, chokaa, mikandaa na mikono ni ya hapahapa. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta makazi ya tangu yapata mwaka 800, ya watu walioishi katika nyumba za miti na udongo, wakivua samaki na kununua vyungu kutoka ng'ambo, muda mrefu kabla ya jiwe la kwanza la msikiti. Simama kati ya nguzo asubuhi, jua linapopenya kwa ubavu, na mwanga ukitambaa kutoka tao hadi tao. Ni mahali pazuri kupita maelezo, na panamtaka mtu anyamaze kidogo.

Wenyeji wana simulizi ya mwanzo wa mji wao, ambayo imeandikwa pia katika tarehe ya Kilwa iliyotungwa karne ya 16. Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi na mtawala wa kisiwa akakubali kumuuzia nchi kwa nguo za kukizungushia kisiwa chote. Nguo zikatandazwa, biashara ikaisha, mwenye kisiwa akahamia bara. Wanahistoria hawaichukui hadithi hii neno kwa neno, nami sidai waichukue. Ninachokiona ni kwamba mji huu, ulipojisimulia wenyewe, ulichagua kukumbukwa kuwa ulinunuliwa. Miji mingi duniani hujisifu kwamba ilitekwa na shujaa. Kilwa ilijisifu kwa biashara.

Kutoka kijijini hadi jumba la Husuni Kubwa ni mwendo wa miguu kupita mashamba na mibuyu. Jumba liko juu ya genge, bahari chini yake, na lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Mwenye jumba ni yuleyule al-Hasan bin Sulaiman aliyeongeza msikiti. Kwa mujibu wa tarehe ya Kilwa alisoma Aden na kuhiji Makka kabla ya kushika utawala, na watu walimwita Abu al-Mawahib, Baba wa Vipawa, kwa ukarimu wake. Alijenga kama mtu aliyeona dunia. Kuna ua wenye ngazi ambapo watu wangekaa kumsikiliza, kuna birika la kuogelea la pembe nane lililozama sakafuni, kuna ua mkubwa wa kusini wenye vyumba vinavyoaminika kuwa ghala za bidhaa, na kuna ngazi za kuteremkia ufukweni. Yaani sultani aliishi juu ya maghala yake. Jumba halikukamilika, na halikukaliwa muda mrefu, lakini ukisimama kwenye ukingo wa lile birika unaelewa kwa nini Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 akiwa ameona Kairo, Damaski na Makka, aliihesabu Kilwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema. Alimsifu sultani kwa ukarimu na unyenyekevu. Aliandika pia kwamba sultani huyo alikuwa akifanya mashambulizi dhidi ya watu wa bara na kurudi na ngawira. Sifa na doa vimo katika ukurasa mmoja, na mtu anayeipenda Kilwa anapaswa kuvisoma vyote.

Al-Hasan alipiga sarafu za shaba zenye jina lake. Watunzi wa mashairi watafurahi kujua kwamba maneno ya upande mmoja yalitungwa yawe na vina na maneno ya upande wa pili. Moja ya sarafu zake imekutwa Zimbabwe Kuu, mji wa mawe wa bara ambao dhahabu yake iliteremka hadi Sofala. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Namna zilivyofika huko wataalamu bado wanajadili. Hapa kisiwani kwenyewe vigae vya Kichina vya kijani na vya buluu vimechimbuliwa kwa wingi, pamoja na shanga za Bara Hindi na vyungu vya Uajemi. Tafadhali usiokote kitu. Kila kigae kilichobaki mahali pake ni ushahidi, na kikishaingia mfukoni ni takataka nzuri.

Katika enzi yote hiyo hapakuwa na dola iliyoimiliki Bahari ya Hindi. Mwarabu, Mgujarati, Mwajemi na Mswahili walikutana kwa ahadi, kwa mikopo, kwa undugu wa ndoa na dini. Kulikuwa na vita na maharamia, lakini hakuna aliyefikiri kwamba anaweza kuufunga mlango wa bahari na kumtoza kila apitaye. Wazo hilo lililetwa na Wareno.

Nahodha wao Cabral alitia nanga Kilwa mwaka 1500. Mwaka 1502 Vasco da Gama akaja na kundi la manowari, akamtisha Amiri Ibrahim kwa mizinga, na kumlazimisha kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno, mithkali 1500 za dhahabu. Dhahabu hiyo haikupotea. Mfalme Manuel aliiagiza ifuliwe chombo cha ibada, kazi iliyokamilika mwaka 1506 na inayohesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Kipo mpaka leo katika makumbusho ya sanaa ya kale mjini Lisbon, kimeandikwa wazi kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Wareno wanakihesabu kuwa hazina ya taifa lao. Sisi tuna haki ya kukihesabu kuwa ushahidi wa utajiri wetu, na ingekuwa jambo la heshima kikiletwa angalau kwa maonyesho Dar es Salaam, na watu wa Kilwa wapewe nafasi ya kwanza kukiona.

Kodi haikuwatosha. Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari, mji ukaporwa, Ibrahim akakimbia, na mahali pake akawekwa Muhammad Ankoni, mtu ambaye Wareno walimwamini. Wakajenga ngome, ya kwanza yao katika Afrika Mashariki. Kisha wakajaribu kuichukua biashara ya Sofala mikononi mwao. Hapo ndipo hesabu yao ilipokosea. Dhahabu ya bara ilifuata vitambaa vizuri vya Cambay, shanga za rangi zilizopendwa, na wafanyabiashara waliojua lugha na jamaa za njiani. Mambo hayo mizinga haina. Wafanyabiashara walihama, wengine Angoche, wengine Mombasa na Malindi, na biashara ikatafuta vichochoro vya kupita. Mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao na kuondoka. Miaka saba tu. Walikuwa wameuteka mji na kuukosa utajiri wake, na mji wenyewe haukupata tena hadhi ya siku za Abu al-Mawahib.

Sasa rudi ufukweni ulitazame Gereza. Ngome unayoiona ni ya Waomani, ya yapata mwaka 1800, iliyosimama pale Wareno walipokuwa wamejenga yao. Mlango wake wa mbao uliochongwa unapendeza. Bahari inakula kuta zake upande wa mbele, na mikoko imepandwa kuizuia.

Kati ya Wareno na Waomani kuna sura chungu. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya miwa na kahawa ya Île de France, yaani Morisi ya leo, na kisiwa cha Bourbon, ambacho ni Réunion. Mlango uliokuwa wa dhahabu ukawa mlango wa watu. Hapa siwezi kumlaumu mgeni peke yake. Mkataba ulikuwa na pande mbili, na upande mmoja ulikuwa wa kwetu. Nimeusifu mji huu kwa biashara, na ni lazima niseme kwamba biashara ileile, ilipokosa dhahabu, iligeukia binadamu.

Kuiona sura hiyo ilivyoendelea yabidi urudi bara uende Kilwa Kivinje, mji ulioinuka karne ya 19 kisiwa kilipofifia. Misafara kutoka nchi ya Wayao na ng'ambo ya Ziwa Nyasa iliishia hapa ikiwa na pembe za ndovu na mateka. Katika miaka ya 1860 maelfu ya watu kila mwaka walipakiwa hapa kwenda Unguja. Hata Sultani Barghash wa Unguja alipotia sahihi mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko la watumwa, wafanyabiashara waliendelea kuwaswaga mateka kwa nchi kavu kuelekea kaskazini. Leo Kivinje ni mji wa taratibu, wenye harufu ya samaki waanikwao, maduka ya zamani ya Wahindi yenye baraza, milango ya nakshi, na boma la Wajerumani linaloporomoka mbele ya bahari. Watalii wengi hawafiki. Ni hasara yao, kwani hakuna mji mwingine wilayani unaoieleza karne ya 19 kwa uwazi kama huu.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani bila kuwauliza wenye pwani. Kuanzia Pangani hadi huku watu waliinuka, na Kivinje maofisa wawili wa kampuni hiyo waliuawa. Kamanda wa Kijerumani, Wissmann, aliurudisha mji mikononi mwa Wajerumani mwaka 1890. Hassan bin Omari Makunganya, tajiri wa misafara, hakukubali. Alipigana mpaka alipokamatwa na kunyongwa mwaka 1895 pamoja na wenzake kwenye mwembe wa hapa Kivinje. Watu waliupa mwembe huo jina la Mwembe Kinyonga, na mahali pake pana kumbukumbu. Makunganya hakuwa malaika, mali yake ilitoka katika biashara tuliyokwisha kuisema. Lakini alikufa akiitetea nchi isitawaliwe na wageni, na Kivinje haijamsahau.

Ukisimama Kivinje, nyuma yako upande wa kaskazini-magharibi ni vilima vya Umatumbi. Huko, Nandete, Julai 1905, watu waling'oa mipamba ya shamba la mkoloni. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, na Berlin ilitaka pamba ya makoloni yake, kwa hiyo mkulima wa Umatumbi akaachishwa shamba lake la chakula akalime ya serikali kwa viboko na ujira wa dhihaka. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kuwaunganisha watu wa makabila mbalimbali kwa maji yake ya dawa. Alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini vita hivyo vya Majimaji vikaenea hadi Songea na Mahenge. Wajerumani walichoma vijiji na maghala, na njaa ikaua kuliko risasi. Wao wenyewe walikadiria vifo 75,000, na baadhi ya wanahistoria wanafikisha hadi 300,000. Mwalimu Nyerere aliitaja Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 alipoeleza kwa nini Tanganyika inadai uhuru. Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea. Cheche ya kwanza ilitoka huku, wilaya ya Kilwa.

Mabaki ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi kubwa ya kuzuia mmomonyoko na kuimarisha kuta, yakaondolewa humo mwaka 2014. Wanakijiji wenyewe walishiriki katika kazi hiyo, na inafaa wageni wawashukuru kwa kununua chakula na huduma zao.

Nenda kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha. Vaa viatu vya kutembelea, chukua maji ya kunywa, na vaa nguo za heshima kwa kuwa unaingia katika kijiji cha watu wenye dini na makaburi yao. Ukipata siku ya ziada, panda boti hadi Songo Mnara ukaone nyumba za mawe zilizosalimika kuliko za Kisiwani. Anza na Msikiti Mkuu na malizia Kivinje, usifanye kinyume. Na wewe mwalimu wa historia, hasa wa Lindi, Mtwara na Pwani, wapeleke wanafunzi wako Kilwa kabla hujawafungulia sura ya kuja kwa Wareno, ili wajue kwanza Wareno walikuta nini.